Hugh wa Alwalton na mayai yake matano: ukabaila haukuwa piramidi

Nilipokuwa sekondari mwalimu wa historia alichora piramidi ubaoni, juu mfalme, chini yake mabaroni, chini yao manaiti wapanda farasi, halafu kwenye ile sehemu pana ya chini kabisa akaandika "watwana" akasema nakilini. Tukanakili. Mtihani ukaja tukaichora tena, tukapewa maksi, na kwa miaka mingi baada ya hapo kila nikisikia neno ukabaila naiona ile pembetatu ya chaki. Shida yake ni kwamba inakuambia nani yuko juu ya nani, basi, imeishia hapo. Haikuambii huyu wa chini anadaiwa nini na wa juu yake, anadaiwa mpaka wapi, na yeye akiwa na dai lake analipeleka kwa nani. Na hapo ndo kwenye utamu wote, maana mimi nikiuangalia ule mfumo naona madeni kwanza, vyeo baadae.

Neno lenyewe limetuchanganya pia. Sisi "kabaila" tulilipokea kwenye siasa, Azimio la Arusha la 1967 likamtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi na asijihusishe na mambo ya kibepari wala ya kikabaila, halafu silabasi ikatuletea mifumo ya zamani ya ardhi na mifugo ya hapa kwetu, nyarubanja ya Buhaya, ubugabire wa Buha na umwinyi wa pwani, vyote kwenye kapu moja na Wazungu wa zamani. Kwa hiyo ukimtajia Mtanzania kabaila anamuona mzee mwenye mashamba makubwa anayekula jasho la wenzake. Sio uongo sana. Ila hao Wazungu wenyewe wa karne ya 12 hawakuwa na jina la mfumo wao, jina walilibuni wanasheria na waandishi karne nyingi baadae, na toka miaka ya 1970 kuna wanahistoria wanasema litupwe kabisa kwa sababu linafanya nchi mia na miaka mia tano vionekane kitu kimoja. Mi silitupi, nitalibana tu. Naongelea Uingereza, toka William wa Normandy alipoiteka mwaka 1066 mpaka kwenye moto wa 1381, na sababu ni rahisi: wale jamaa waliandika kila kitu, mpaka kuku.

Twende kijijini basi. Kuna kijiji kinaitwa Alwalton, karibu na Peterborough, mashariki ya Uingereza. Mwaka 1279 mfalme Edward wa Kwanza alituma watu wazunguke waandike nani anashika ardhi gani na kwa masharti yapi, na listi ya Alwalton ipo mpaka leo. Mwenye kijiji ni abate wa Peterborough, mkuu wa monasteri, mtu wa Mungu kabisa. Na kwenye listi kuna jamaa anaitwa Hugh Miller. Hugh anashika virgeti moja, kipande ambacho kwa kawaida kilikuwa ekari 20 mpaka 30 hivi ikitegemea na kijiji, na kwa enzi zile si haba, huyo ni mkulima wa kati mwenye kula yake. Sasa angalia anacholipa.

Pesa taslimu shilingi 3 na peni 1 kwa mwaka. Halafu kazi: siku 3 kila wiki kwenye shamba la abate, mwaka mzima ukitoa wiki moja ya Krismasi, moja ya Pasaka na moja ya Pentekoste, kila siku atoe mtu mmoja, ila msimu wa mavuno kila siku atoe watu wawili. Piga hesabu mwenyewe, wiki 49 mara 3 ni siku 147, na zile za mavuno ni mara mbili. Halafu busheli 1 ya ngano ya mbegu, kwa vipimo vyetu karibu madebe mawili. Miganda 18 ya oti za kulishia farasi. Mitetea 3 na jogoo 1. Mayai 5 siku ya Pasaka. Kubeba mizigo ya abate mpaka Peterborough na sehemu nyingine moja iliyotajwa kwa jina, kwingine hapana. Akiuza jike la farasi kwa shilingi 10 au zaidi abate anakata peni 4, akiuza chini ya hapo hadaiwi kitu. Binti akiolewa, kuna ada. Hugh mwenyewe akifa, kuna mnyama anachukuliwa. Na mwisho kabisa, kila mwaka kwenye sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, kuna kodi nyingine ambayo kiwango chake kimeandikwa kwa maneno tu: kwa utashi wa abate.

Yale mayai matano yamenikaa kichwani kweli. Sio manne, sio sita. Monasteri tajiri vile ilikuwa inafuata mayai matano ya mkulima, unaweza kucheka, lakini hebu jiulize nani alikuwa anaihitaji ile namba zaidi. Abate angeandikiwa "mayai" peke yake angefurahi tu. Namba inamsaidia Hugh, kwa sababu kuna mwaka atakuja mnyapara mwenye njaa aseme lete saba, na kijiji kizima kitamjibu kwa pamoja, tano mzee, toka enzi za babu zetu ni tano. Ukisoma ile listi taratibu unaona deni la Hugh lina sehemu mbili, kuna vyenye namba na kuna visivyo na namba, na vile visivyo na namba ndo vinamkosesha usingizi.

Kwenye listi hiyo hiyo yuko jirani yake, Thomas le Boteler. Thomas ana kiwanja na ekari 3 tu za shamba. Analipa shilingi 14 kwa mwaka. Yaani kwa ardhi ndogo mara nyingi kuliko ya Hugh anatoa pesa mara nne na zaidi, kwa akili ya haraka unasema huyu ndo kanyongwa. Kumbe Thomas ni mtu huru. Ana hati, ameandikiwa shilingi 14, akishalipa hizo 14 abate hana la kumwambia mpaka mwakani, akitaka kulala alale, akitaka kwenda sokoni aende, akionewa kwenye ardhi yake anafungua kesi kwenye mahakama ya mfalme. Hugh ni mtwana, mkulima asiye huru. Ardhi anayo, ng'ombe pengine anao kumzidi Thomas, ila mlango wa mahakama ya mfalme kwake umefungwa kwenye ugomvi wa ardhi na bwana wake, anaambiwa nenda kwenye baraza la kijiji, na baraza la kijiji ni la nani? La abate.

Kwa hiyo nani tajiri nani maskini ilikuwa hesabu nyingine kabisa, na piramidi ya mwalimu inaficha hilo. Kulikuwa na watwana wenye ekari 30 wanaoajiri watu huru wasio na kitu. Wanasheria wa wakati ule walihangaika sana kutafuta kipimo cha kumjua mtwana, maana kwa macho huwezi kumtambua, wote wana matope miguuni. Bracton, jaji wa karne ya 13, anatoa kipimo ambacho mimi sijaona kizuri zaidi yake: mtwana ni yule ambaye jioni hajui asubuhi atafanya kazi gani. Atafanya atakachoambiwa. Kazi tatu kwa wiki anazijua kwamba zipo, ila leo ni kulima, kesho ni kubeba mavi ya ng'ombe, keshokutwa ni kuziba uzio, anaamka hajui.

Niseme hapa kabla hamjanirukia, mtwana hakuwa mtumwa. Watumwa kamili walikuwepo, ile sensa kubwa ya William ya 1086 inaonyesha kama mtu mmoja kwa kila kumi waliohesabiwa, lakini ndani ya miaka mia moja hivi wakawa wamepotea, wameyeyukia kwenye utwana. Mtwana ana nyumba yake, mke, shamba, mifugo, anarithisha watoto. Ila kwa sheria kavu vyote hivyo ni vya bwana. Mwaka 1280 hivi wanakijiji wa Mickleover waligombana na abate wa Burton, wakapeleka malalamiko mpaka kwa mfalme, na abate akawajibu kwamba nyie watwana hamna mali yoyote zaidi ya matumbo yenu. Anasema abate huyo. Mtu aliyeapa kuishi maisha ya ufukara.

Sasa huko juu nako, kumbe nako ni yale yale kwa nguo nzuri. Sisi tunasema "yule ni mtu wa bosi", na wao walisema hivyo hivyo bila aibu, tena hadharani. Mwaka 1127 kule Bruges, Ubelgiji ya leo, watu wa Flanders walipokuwa wanampokea mtawala wao mpya, karani mmoja aliandika ilivyokuwa: mtawala anamuuliza mtu kama anakubali kuwa mtu wake kabisa, anajibu ndio nataka, anakunja viganja pamoja kama anasali, mtawala anavifunika kwa viganja vyake, wanapigana busu, halafu ndo kiapo juu ya masalia ya watakatifu. Mikono ndani ya mikono. Ukishaingiza mikono yako mle umekuwa mtu wa fulani, na fulani naye amebeba jukumu lako, akulinde, akusikilize barazani, asikuvunjie heshima. Akikiuka unaweza kumrudishia uaminifu wake, unamwambia wazi kuanzia leo mimi sio mtu wako. Hugh hakuwa na hiyo ya kurudisha. Yeye alizaliwa ndani ya mikono.

Na yule abate wa Peterborough tuliyemuona anakusanya mayai, naye alikuwa anadaiwa. William alipoiteka nchi alisema ardhi yote ni yangu, kila mwingine anaishika toka kwangu kwa masharti, na monasteri ya Peterborough ikapangiwa kutoa manaiti 60 kwa jeshi la mfalme, mzigo mkubwa kuliko wa monasteri yoyote nyingine Uingereza. Naiti ni farasi wa vita, ni shati la vyuma, ni miaka ya mazoezi. Kwa hiyo monasteri ikagawa baadhi ya ardhi zake kwa hao manaiti nao wawe watu wake, na kijadi kila mmoja anatumika siku 40 kwa mwaka. Unaona? 60, 40. Namba. Siku ya 41 naiti ana haki ya kumwambia bwana wake sasa nilipe au narudi nyumbani, na walikuwa wanarudi kweli, vita imenoga katikati watu wanafungasha.

Halafu cheki kilichowauma mabaroni mpaka wakashika silaha. Baroni akifa, mwanae analipa ada ya kuingia kwenye urithi. Ada ilikuwepo siku zote, hakuna aliyeikataa. Mwana akiwa mdogo mfalme anashika ardhi mpaka akue, anakula mapato, na anaweza kuuza ndoa ya mtoto huyo kwa anayetaka kumuoza. Mjane naye, mfalme ana usemi kwenye nani atamuoa. Yote hayo yalikuwa desturi, ila bei hakuna. Mfalme John akaitumia hiyo bei hakuna mpaka mwisho. Mwaka 1214 alimtoza Geoffrey de Mandeville marki 20,000, pauni elfu kumi na tatu na ushee, ili aruhusiwe kumuoa Isabella wa Gloucester, mwanamke ambaye alikuwa mke wa zamani wa huyo huyo John. Yaani mfalme anakuuzia mtalaka wake kwa bei ambayo hakuna baroni nchini anaweza kuimaliza. Mwaka uliofuata Geoffrey alikuwa upande wa waasi, na jina lake limo kwenye wale mabaroni 25 waliopewa kazi ya kuusimamia mkataba.

Mkataba wenyewe ni Magna Carta, Juni 1215, uwanja wa Runnymede pembeni ya mto Thames. Watu wanapenda kuusoma kama tangazo la uhuru wa binadamu. Usome ukiwa na listi ya Hugh mkononi. Kifungu cha 2: mrithi wa baroni atalipa pauni 100, wa naiti atalipa shilingi 100 isizidi. Kifungu cha 8: mjane asilazimishwe kuolewa. Kifungu cha 12: hakuna michango mipya bila kushauriana na wakubwa wa nchi. Waheshimiwa wameenda na mapanga kudai kitu ambacho Hugh kwenye mayai alikuwa nacho tayari, namba. Na ukiangalia nani anahusika, vifungu vingi vinasema "mtu huru". Mtwana katajwa kwenye faini, kwamba akipigwa faini asinyang'anywe vitendea kazi vya kilimo, na hata hapo bwana wake anafaidika, maana mtwana bila jembe nani atalima zile siku 147? Hao hao mabaroni waliomwambia mfalme hatutaki kutozwa kwa utashi wako, wakirudi nyumbani wanawatoza watwana wao kwa utashi. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi nafikiri hapa ndo mstari halisi wa tabaka ulipopita, kati ya wanaoweza kumlazimisha wa juu yao aandike namba na wasioweza.

Makasisi walikuwa na maelezo yao matamu ya haya yote. Askofu Adalbero wa Laon, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 11 aliligawa taifa la Mungu mafungu matatu, wanaosali, wanaopigana, wanaofanya kazi, kila mmoja anamtegemea mwenzake kama miguu mitatu ya jiko la mafiga. Imetulia sana hiyo hoja na bado inafundishwa: mkulima anatoa chakula, naiti anatoa ulinzi. Nauliza, ulinzi dhidi ya nani? Mara nyingi dhidi ya naiti mwingine wa bonde la pili. Vita za mabwana zilipiganwa kwa kuchoma mashamba ya watwana wa adui, sababu huko ndo pesa ilipo. Sisemi ulinzi ulikuwa hewa, Wanorsi, yaani Waviking wa kaskazini, walipokuwa wanapandisha mito na majahazi yao mtu alihitaji ngome, ila karne ya 13 pale Alwalton hakuna Mnorsi na siku 147 ziko pale pale.

Tuache ya juu turudi kijijini maana kuna mambo mazuri huko ambayo vitabu vya mtihani vinayaruka. Mtwana hakuwa kondoo. Silaha yake ilikuwa desturi, ile "toka enzi za babu", na baraza la kijiji lilikuwa la bwana ndio, lakini wanaoulizwa desturi inasemaje ni wazee wa kijiji wenyewe. Mnyapara mwenyewe kwa kawaida ni mtwana mwenzao, anasamehewa kazi zake za wiki ili asimamie za wengine, leo yuko na bwana kesho atakuwa nao kilabuni. Kwenye siku za ziada za mavuno, zile ambazo bwana anaziomba kama hisani ila ole wako usije, desturi ilisema bwana alishe. Na walizitofautisha kabisa, kuna siku zenye pombe na kuna siku kavu, na siku kavu watu wanavuna kwa mwendo wa siku kavu. Sehemu nyingine mkata nyasi akimaliza shamba la bwana jioni ana haki ya kuondoka na mzigo wa nyasi kavu, kiasi anachoweza kuinua kwa mpini wa fyekeo lake refu bila kugusa chini. Mpini ukivunjika, kakosa nyasi na kaharibu fyekeo. Hebu muone huyo mtu jioni, mikono inatetemeka, kijiji kimesimama kinaangalia, mnyapara ameinama anachungulia kama nyasi zinagusa ardhi. Hiyo nayo ni sheria ya kazi, imepatikana kwa kubishana miaka na miaka.

Msibani ndo pabaya. Mtwana akifa bwana anachagua mnyama bora kuliko wote zizini, hiyo inaitwa herioti. Halafu anakuja paroko, naye ana haki ya mnyama wa pili kwa ubora, kufidia mafungu ya kumi ambayo marehemu huenda alisahau kulipa akiwa hai. Familia yenye ng'ombe wawili imebaki na kaburi. Na mjane hajakaa sawa anatakiwa alipe ada ya kuingia kwenye shamba ambalo amelilima miaka yote.

Akina mama wapika pombe nao wamo kwenye kumbukumbu za baraza, kila kikao majina yale yale yanapigwa faini ya kuvunja kanuni za pombe, kipimo hakikuwa sawa, bei imezidi, hakumwita mwonjaji. Faini ndogo, peni chache. Kikao kijacho tena. Ukizisoma kwa mwaka mzima unashtuka hii faini mbona ni leseni jamani, hakuna anayetaka waache kupika, wanataka walipe. Mama muuza pombe yoyote anaielewa hiyo bila kufundishwa.

Mambo yakavunjika 1348 na 1349. Tauni ikapita, ikaondoka na theluthi mpaka nusu ya watu, na ghafla kwa mara ya kwanza mwenye mikono ana bei. Bwana ana shamba bila watu, mtwana anavuka usiku kwenda kijiji cha pili ambako hawaulizi kabila wala cheo, wanauliza unaweza kulima? Serikali ya mabwana ikafanya kile ambacho serikali za mabwana hufanya, ikaweka ukomo. Sheria ya 1351 ikasema mishahara irudi ilivyokuwa kabla ya tauni, na anayedai zaidi ashitakiwe. Inachekesha ukiifikiria, miaka mia mbili watwana wanaomba namba hawapewi, siku soko limewapendelea namba imepatikana fasta.

Halafu kodi ya kichwa, mara tatu ndani ya miaka minne, ya mwisho peni 12 kwa kila mtu kuanzia miaka 15, maskini na tajiri. Juni 1381 Essex na Kent, majimbo ya jirani na London, zikalipuka, watu wakaingia London, na pale Mile End walipokutana na mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, walimpa madai, la kwanza utwana ufutwe, lingine ardhi ikodishwe peni 4 kwa ekari. Peni 4 kwa ekari! Hawakuomba ardhi bure wale watu, waliomba bei inayojulikana. Na kila walipopita walichoma madaftari ya mabaraza ya mabwana, yale yenye listi za kuku na mayai na siku za kazi. Watu wa mjini wanawaita wajinga waliochukia maandishi. Wapi. Walijua vizuri sana kilichoandikwa mle.

Kilichonigusa zaidi kiko mji wa St Albans. Abate wa pale alikuwa na kinu cha maji, na kila mtu lazima asage kwake na kuacha sehemu ya nafaka kama malipo. Watu wakawa wanasaga kimya kimya nyumbani kwa mawe ya mkono, kijaa kama vile vya bibi zetu. Miaka ya 1330 abate akashinda kesi, akayakusanya yale mawe nyumba kwa nyumba, akayatandaza kuwa sakafu ya chumba chake cha mapokezi. Miaka 50 hivi watu wanaingia kwa abate kulipa na kulalamika wanakanyaga mawe ya bibi zao. Siku ya 1381 ilipofika, waliingia mle wakayang'oa, wakayavunja vipande, wakagawana kila mtu kipande kidogo aende nacho nyumbani, kama mkate uliobarikiwa kanisani. Hawakwenda kusagia. Vipande tu.

Uasi ulizimwa ndani ya wiki chache, viongozi wakanyongwa, Richard akazifuta ahadi zote akawaambia watu wa Essex mlikuwa washamba na washamba mtabaki. Hakuna sheria iliyofuta utwana Uingereza, si mwaka huo wala mwingine. Ulikufa taratibu kwa sababu watu walikuwa wachache na mabwana walihitaji wapangaji, kazi za wiki zikabadilishwa kuwa pesa, pesa ikawa kiwango, na kile kiwango kikaandikwa kwenye daftari la baraza. Karne ya 15 mjukuu wa mtwana akawa anapewa nakala ya ule ukurasa unaohusu shamba lake, anaenda nao nyumbani, anauficha kwenye sanduku, na umiliki wa namna hiyo ukaitwa kwa jina la hiyo nakala. Babu alichoma daftari, mjukuu analala na kopi yake chini ya mto.

Umiliki huo wa nakala ulidumu mpaka 1 Januari 1926 ulipofutwa kwa sheria na wenye nakala wakawa wamiliki kamili. Miaka mitatu tu kabla, 1923, Waingereza hao hao walikuwa wametunga sheria ya ardhi ya Tanganyika iliyotamka ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana, wengine wote wanaikalia tu, ile ile ya William kwamba chote changu nyie mnashika toka kwangu. Mzee wa Songea au Usukuma aliyelima pale alipolima baba yake hakupewa nakala ya kitu. Nakala zilianza kusikika baada ya sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, tunaziita hati za kimila, zina jina, mipaka, na mhuri wa kijiji, na kwenye nyumba nyingi nilizowahi kuziona zimewekwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya nguo, ndani ya sanduku.